BUBUBU SI MLIO WA GARI MOSHI

Ndugu msomaji, ingia katika darasa lolote la skuli za Unguja, uwaulize wanafunzi kwa nini Bububu ikaitwa Bububu. Mikono itainuka kwa wingi, na jibu litakuwa moja: kwa sababu ya gari moshi. Gari moshi lilikuwa likifika pale likilia bu-bu-bu, na watu wa shamba, kwa mshangao wao, wakapaita mahali hapo kwa mlio ule. Mwalimu atatikisa kichwa kuafiki, kwa maana na yeye ndivyo alivyofundishwa. Mtembeza wageni atawasimulia Wazungu hadithi hiyo hiyo pembezoni mwa barabara. Nimepata kumsikia hata mtumishi mmoja mwenye cheo cha kuheshimika akiirudia mbele ya wageni, nao wakaandika.

Hadithi hii ni ya uongo, na wala haihitaji mtaalamu wa mambo ya kale kuibainisha. Inahitaji mtu ajuaye kuhesabu miaka. Reli ya kutoka mjini hadi Bububu ilifunguliwa mwaka 1905. Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa katika jumba la Mtoni mwaka 1844 na ambaye baadaye Wajerumani walimjua kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886, na ndani ya kitabu hicho imo sura nzima inayotaja Kizimbani na Bububu. Alikaa Bububu baada ya fitina ya mwaka 1859, pale nduguye Barghash aliposhindwa kumpindua Majid na yeye Salme akawa miongoni mwa walioponea chupuchupu. Yaani jina hili lilikuwa midomoni mwa watu miaka arubaini na zaidi kabla ya injini ya kwanza kupita pale. Itawezekanaje mtoto amzae babu yake?

Wako wanaosema kwamba jina limetokana na maji yabubujikayo katika chemchem za pale. Sitaapa kwa maneno hayo, lakini walau yanaafikiana na ardhi yenyewe: chemchem zilikuwapo kabla ya Sultani, kabla ya Mwingereza na kabla ya reli. Na neno kububujika ni la Kiswahili, halikushushwa bandarini pamoja na mataruma ya chuma.

Pengine utaniuliza: kuna nini hapa cha kutufanya tupoteze wino? Mji umekosa shida nyingine? Nakujibu kwamba ubaya wa hadithi hii haumo katika kosa la miaka. Ubaya umo katika yale inayowafundisha watoto bila ya kusema. Inawafundisha kwamba watu wa Bububu hawakuwa na jina la mahali pao mpaka mashine ya kigeni ilipokuja kuwanguruma masikioni. Inawafundisha kwamba mwananchi wa kisiwa hiki alikuwa mtu wa kusimama kando ya njia, mdomo wazi, akiiga sauti. Hii ndiyo kasumba iliyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inachekesha, na linalochekesha hupita mlangoni bila ya kupigiwa hodi.

Basi na tuitazame reli yenyewe, maana nayo ina mafunzo yake. Ilijengwa na kampuni ya Marekani iliyoitwa Arnold, Cheney, na urefu wake ulikuwa kiasi cha maili saba. Ilianzia karibu na Ngome Kongwe, ikapita katika njia nyembamba za mji hata watu wakalazimika kujibana milangoni mwao, ikashika ufuko wa kaskazini kupitia Maruhubi, Mtoni na Kibweni. Mwaka 1911 serikali ya wakoloni iliichukua. Haikupita muda mrefu, motokaa na malori yakaishinda. Abiria wakaachwa mwaka 1922, na baadaye ikabaki kubeba mawe ya kujazia bandari, mpaka nayo kazi hiyo ilipokoma kabla ya mwaka 1930. Kwa hiyo gari moshi hili, ambalo tumelipa heshima ya kuubatiza mji mzima, lilichukua abiria kwa miaka kumi na saba tu. Abiria wa miaka mingi wa gari nambari 502 wamekwenda na kurudi Bububu kwa muda mrefu kuliko huo, na hakuna aliyefikiri kuwatungia hadithi.

Kuna jambo jingine la reli hii ambalo walimu wangeliweza kulionyesha kwa kidole, kwani wengi wao wamelala na kuamka juu yake. Kule Beit el Ras, ambako vizazi vya walimu wetu vilipata mafunzo katika Chuo cha Nkrumah kabla ya chuo hicho kuunganishwa na Chuo Kikuu cha Taifa, Seyyid Said alianza kujenga jumba mwaka 1847, kwa sababu Mtoni ilikwisha jaa wake, masuria, watoto na watumwa. Alifariki baharini mwaka 1856 na jumba likaachwa. Walipokuja wajenzi wa reli waliubomoa ukuta mwingi na kuyachukua mawe yake kwa kazi yao, ukasalia ukumbi tu wa mbele. Hayo ndiyo mawe yaliyochongwa na kubebwa na watu ambao hawakulipwa ujira. Kwanza yakawa fahari ya mfalme, kisha yakawa tuta la reli ya bepari, kisha majani yakaota juu yake. Ningependa kujua ni walimu wangapi waliopita mbele ya ukumbi ule kila asubuhi kwa miaka miwili mizima, daftari kwapani, bila ya kuambiwa na mtu kwamba pale pana somo.

Lakini hayo ya mawe ni madogo mbele ya haya ya maji, na hapa ndipo ninapotaka kuzungumza na watumishi wa serikali.

Katika miaka ya 1869 na 1870 kipindupindu kiliingia Unguja kwa kishindo. Daktari mmoja wa Kiingereza, James Christie, aliyekuwa mjini wakati huo, aliyaandika aliyoyaona katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1876. Mji wa wakati ule ulikunywa maji ya visima vilivyochimbwa baina ya nyumba, na nyumba zile zilikuwa na vyoo vyake hapo hapo. Barghash, ambaye baada ya kushindwa mwaka 1859 alipelekwa uhamishoni Bombay na huko akaona mji ulivyoweza kuletewa maji kutoka mbali, alitawazwa mwaka 1870. Katika utawala wake, uliokwisha mwaka 1888, maji ya chemchem za upande wa Bububu yaliingizwa katika mfereji na kupelekwa mjini. Tangu hapo mji wa Unguja ukawa na deni kwa Bububu. Kila birika la kahawa lililochemshwa Malindi, kila ndoo iliyotekwa Vikokotoni, kila udhu uliotiwa katika misikiti ya mjini, sehemu yake ilitoka katika ardhi ya kitongoji hiki ambacho sisi tunakijua kwa mlio wa gari moshi.

Sisemi haya kumsifu Barghash. Mfereji ule haukuchimbwa kwa mikono ya mfalme. Tena wakati maji yanaanza kutiririka mjini, utumwa ulikuwa bado ni halali katika visiwa hivi. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, lakini hadhi ya kisheria ya utumwa haikufutwa hata mwaka 1897. Nasema haya kwa sababu chemchem zile hazikuwa kumbukumbu ya zamani zikafungiwa katika makumbusho. Mpaka hivi leo zimo katika vianzio vya maji ya mji. Na mpaka hivi leo tunazijengea.

Nenda ukatazame mwenyewe, usiniamini mimi. Mahali ambapo zamani palikuwa na miti na kivuli, nyumba zimesogea ukuta kwa ukuta. Kila nyumba ina karo lake, na kila karo limechimbwa katika ardhi ya mawe ya chokaa, ardhi yenye matundu kama sega la nyuki, ambayo hupitisha maji machafu kwenda chini upesi kuliko tunavyodhani. Anayejenga ana haja, simlaumu sana. Watu wa Zanzibar walikuwa 640,685 katika hesabu ya mwaka 1988, na walikuwa 1,889,773 katika hesabu ya mwaka 2022. Watu hawa hawawezi kulala hewani. Lakini nyumba haiwi nyumba kwa tofali peke yake. Iko karatasi iliyotiwa sahihi, au iko karatasi iliyopaswa kukataliwa ikaachwa kulala katika faili. Iko ofisi iliyojua kwamba eneo lile ni kianzio cha maji, na iko ofisi ya pili iliyogawa viwanja bila ya kuiuliza ofisi ya kwanza, ingawa mlango kwa mlango baina yao hapafiki mwendo wa kumaliza sigara moja. Mwananchi akija kulalamika huambiwa arudi wiki ijayo.

Kipindupindu hakirudi wiki ijayo. Katika miaka ya 2015 na 2016 kilirudi Zanzibar, kikaugua maelfu ya watu, na vipo vilio ambavyo familia hazijavisahau. Mtoto wa skuli aliyefundishwa kwamba Bububu ni mlio wa injini hana sababu ya kujua kwamba ardhi ile ndiyo iliyoutoa mji katika balaa ya mwaka 1870. Na mtoto yule, ndugu zangu, ndiye ofisa wa ardhi wa kesho. Wengine wamekwisha kuwa.

Sasa nigeuke kwa walimu. Kila mwaka magari huwachukua wanafunzi kutoka mjini na mashamba kwenda kuangalia magofu ya njia hii ya kaskazini, nami nashukuru kwamba safari hizo zipo. Lakini sikiliza yanayosemwa huko. Maruhubi, jumba alilolijenga Barghash hadi kumalizika mwaka 1882 na likaungua mwaka 1899, watoto huambiwa lilikuwa na masuria mia moja, wasichana huinamisha nyuso na wavulana hucheka. Kidichi, kwenye hamamu ya mwaka 1850, huambiwa juu ya binti wa kifalme wa Kiajemi na mafundi waliomchorea mapambo ya chokaa ukutani. Mtoni huambiwa juu ya tausi bustanini na mtoto wa mfalme aliyemfuata Mjerumani kwa mapenzi. Hii si historia. Hii ni udaku wa karne ya kumi na tisa, tofauti yake na udaku wa leo ni kwamba walioudakia wamekwisha kufa na hawawezi kujitetea.

Nani aliyechota maji ya kujaza hamamu ile? Nani aliyepanda na kuchuma karafuu zilizolipia ile chokaa ya Kiajemi? Juu kidogo tu ya Bububu, katika mashamba ya Kizimbani, ndipo karafuu za kwanza kabisa za Unguja zilipopandwa mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa, na Saleh bin Haramil, na kisha Seyyid Said akayatwaa mashamba yale akaifanya karafuu kuwa roho ya dola yake. Karafuu haivuniki kwa jembe wala kwa mashine. Huchumwa kwa vidole, shada baada ya shada, na mchumaji yumo juu ya tawi ambalo wakati wowote laweza kukatika. Watumwa walioletwa kutoka bara waliifanya kazi hiyo kwa miongo mingi. Dhoruba ya mwaka 1872 ilipoiangusha mikarafuu ya Unguja karibu yote, ni wao tena waliopanda upya. Utumwa ulipofutwa, wengi wao na watoto wao walibaki katika ardhi ile ile wakiwa wakaazi wasio na haki, wenye ruhusa ya kupanda muhogo chini ya mti wa mwingine madhali mwenye mti hajakasirika. Hawa ndio waliojenga Bububu. Mwalimu anayewapitisha watoto Kidichi dakika arubaini bila ya kuwataja watu hawa hata mara moja, amefanya nini tofauti na yule ofisa wa kikoloni aliyeandika habari za kisiwa bila ya kuwaona wenye kisiwa?

Wako, kwa upande wa pili, wenzetu ambao hasira yao imewapeleka kombo vile vile. Hao husema: magofu ya masultani yaanguke, yatatusaidia nini? Tulipindua mwaka 1964 ili tuyatunze majumba yao? Nimeyasikia maneno haya katika vibaraza, na nimeyasikia kutoka kwa watu wazima ambao siwezi kuwavunjia heshima. Lakini nawaomba wafikiri. Mtoni, usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari, 1964, ilikuwa ni moja ya sehemu zilizovamiwa na wanamapinduzi, kwani huko kulikuwa na ghala ya silaha ya polisi kama ilivyokuwa Ziwani. Kwa hiyo Mtoni ile ile ina kurasa mbili: ya jumba la Seyyid Said, na ya usiku ule. Ukiacha ukurasa wa kwanza uoze, wa pili utausomaje? Mtoto atauliza, walipindua nini? Utamwonyesha nini? Maghala ya mafuta?

Na kama ni suala la nani mwenye haki juu ya kuta zile, basi jawabu ni jepesi. Aliyezibeba ndiye mwenye haki zaidi kuliko aliyezilalia ndani. Ardhi yote ya visiwa hivi ilipotangazwa kuwa mali ya serikali mwaka 1964, na eka tatu tatu zikagawiwa kwa wakulima, waliopata kipande cha mashamba haya ya karafuu hawakuing'oa mikarafuu eti kwa sababu iliamriwa na sultani. Waliichuma. Huo ndio uelewa ambao wakulima walikuwa nao na wasomi bado wanautafuta.

Najua litakalofuata: fedha. Tutaambiwa kwamba mgeni hulipa kuangalia jumba la binti mfalme na hatalipa kuangalia kisima. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na tangu hapo tumezoea kuamini kwamba historia ya Unguja inaishia Darajani, na kwamba kinachovuka barabara ile kwenda Ng'ambo na vitongojini ni makaazi tu. Beit al-Ajaib ilipoporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba, 2020, na wafanyakazi wawili wakapoteza maisha, dunia nzima ilipata habari, na ilistahiki. Lakini mfereji wa zamani wa maji ukivunjwa kipande ili kupata mawe ya msingi, hakuna hata barua moja kwa mhariri. Simkatazi mgeni kuja. Namkataza mtumishi wa umma kumfanya mgeni ndiye kipimo cha lipi lihifadhiwe na lipi liachwe, kwa maana mgeni hanywi maji ya Bububu ila kwa wiki moja, tena siku hizi hunywa ya chupa.

Yanayotakiwa hayahitaji mkopo wala mfadhili. Idara zinazohusika na maji, na ardhi, na mambo ya kale zikutane siku moja, si katika ukumbi wenye chai na vitumbua, bali pale pale kwenye chemchem, kila mmoja na ramani yake mkononi, waone ramani zao zinagongana wapi. Mpaka wa kianzio uwekewe nguzo zinazoonekana na mtu anayetembea kwa miguu, ili asiwepo wa kusema hakujua. Masalia ya tuta na vidaraja vya reli yaandikwe na kupigwa picha kabla hayajawa kifusi cha mtu. Ukumbi wa Beit el Ras uwekewe kibao kinachosema ukweli wote: nani aliamuru, nani alijenga, nani alibomoa.

Na mwalimu, ambaye ndiye niliyeanza naye, asingojee waraka kutoka wizarani. Safari ijayo ya kwenda Kidichi ianzie chemchem ya Bububu. Watoto washushwe garini pale kwanza, wainame, wayasikilize maji kabla ya kuandika lolote, na kisha waulizwe upya swali la jina.